Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakubahatika kuyasikia, na wale waliotaka kuyasoma tena kwa utulivu.)



Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika mkononi, na hata jina lake si la kila siku. Kitu chenyewe kinaitwa faharasa. Wengine husema fahirisi. Tafadhali usizime redio, ndugu yangu. Najua una mengi ya kufikiria: nauli, ada za watoto, mvua iliyochelewa na kahawa iliyoshuka bei. Lakini nivumilie kwa dakika chache, maana hiki kitu ambacho hujawahi kukiona, kikikatwa na wakubwa, hasara yake itafika mpaka shambani kwako.

Ukichukua kitabu kikubwa cha mafunzo, kwenye kurasa za mwisho utakuta orodha ya maneno iliyopangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila neno pana namba ya ukurasa. Hiyo ni faharasa ya kitabu kimoja. Sasa fikiria orodha ya namna hiyo inayohusu maelfu ya vitabu, majarida, magazeti na ripoti kutoka nchi nyingi kwa pamoja. Kuna mtu aliyekaa mezani akapitia kila jarida, akaandika: makala fulani, ya mwandishi fulani, yahusu jambo fulani, imo katika jarida fulani, mwaka fulani, ukurasa fulani. Kazi hiyo haina sifa wala posho ya safari, lakini bila hiyo maktaba ni ghala tu.

Mgeni akiingia Soko la Kilombero pale Arusha bila mwenyeji, atazunguka kutwa nzima kutafuta maharage ambayo yapo hatua ishirini kutoka alipoanzia. Akimpata mwenyeji, ataambiwa mara moja: nafaka kule, vitunguu huku, ndizi za Meru pale kwa akina mama. Faharasa ndiye mwenyeji wa maktaba. Bidhaa inaweza kuwapo na mnunuzi akawapo, lakini kama hakuna wa kuwakutanisha, biashara haifanyiki.

Sasa ndugu wasikilizaji, kila serikali duniani inapoamua kubana matumizi, kalamu nyekundu hupenda sana kuanzia hapa. Sababu si ngumu kuielewa. Ukifunga zahanati, wananchi watamfuata diwani nyumbani kwake. Ukipandisha nauli, mji mzima utazungumza. Lakini ukifuta fungu la faharasa ya majarida ya nje, nani ataandamana? Hakuna foleni dirishani, hakuna mgonjwa kitandani, hakuna picha ya kuweka gazetini. Mambo yataendelea kama kawaida. Miaka kumi baadaye mtu atakwenda maktaba kutafuta jambo la maana, ataambiwa halipo, naye ataondoka akiamini kwamba kweli halipo. Kumbe lipo, ila daftari lake lilikufa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia duka, lakini maneno hayo yanaifaa maktaba vilevile.

Nitoe mfano wa nyumbani kabisa, mlimani Meru.

Tuseme yupo kijana wa sekondari kutoka Ngarenanyuki. Babu yake amemsimulia jinsi Wameru walivyofukuzwa katika ardhi yao. Kijana anataka kuandika habari hiyo vizuri, kwa ushahidi. Habari yenyewe ni ya kweli na kubwa. Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu wananchi wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe wao. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakukubali kunyamaza. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wakachanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu wa kutoka visiwa vya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, mkulima wa Meru akiwashitaki Waingereza mbele ya dunia. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla TANU haijazaliwa, na miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajasimama mbele ya baraza hilohilo mwaka 1955.

Ardhi haikurudishwa pale pale. Katika Baraza Kuu pendekezo la kuwaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili za kura. Lakini nchi nzima ilijifunza kwamba mtawala anaweza kushitakiwa. Kirilo na Seaton waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikachapwa Nairobi mwaka 1967.

Sasa turudi kwa yule kijana wetu. Kitabu akikipata, vizuri. Lakini maneno yenyewe yaliyosemwa ndani ya ukumbi, hati za malalamiko zilizopelekwa, majibu ya Waingereza na hotuba za nchi zilizotuunga mkono viko wapi? Viko katika nyaraka za Umoja wa Mataifa, na nyaraka hizo zikipangwa chini zingejaza chumba baada ya chumba. Mtu hawezi kuzisoma zote hata akiishi umri wa miaka mia mbili. Lakini tangu mwaka 1950, yaani mwaka mmoja tu kabla ya nyumba za Engare Nanyuki kuchomwa, maktaba ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeanza kutoa faharasa ya nyaraka zake. Kuna mkutubi, ambaye pengine hakuwahi kuuona Mlima Meru hata kwa picha, aliyeandika katika orodha yake kwamba malalamiko ya Wameru yamo katika hati namba fulani. Kwa sababu ya mstari huo mmoja, kijana wa leo anaweza kuifikia sauti ya Kirilo. Ule mstari usingeandikwa, sauti ya Kirilo ingebaki ndani ya makaratasi, na kijana angeambiwa kwamba hayo ni hadithi za wazee.

Pengine kuna anayesema: hayo ni mambo ya historia, sisi tunataka kula. Basi tuje kwenye kula.

Mkulima wa kahawa wa Poli, Akeri au Nkoaranga anaujua ugonjwa wa chulebuni. Punje za kahawa zikiwa bado changa zinapata madoa meusi, zinakauka, zinadondoka. Msimu mzima unakwenda na maji. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Tangu hapo watafiti wa Kenya, wa kwetu, wa Ethiopia, wa Ulaya na wa Brazil wameandika makala nyingi: dawa gani ilijaribiwa na ikashindwa, aina gani ya mbuni inavumilia, mvua za mwezi gani ni za hatari. Mtafiti asiyejua yaliyokwishaandikwa ataanza upya. Atatumia miaka mitano na fedha za umma kugundua jambo ambalo mwenzake alilichapa zamani upande wa pili wa mpaka. Mkulima hataambiwa chochote. Yeye ataona tu kwamba dawa haifiki na miche mipya haiji.

Na hapa Arusha tuliwahi kuyaonja hayo kwa ukali. Wasikilizaji wa umri wangu wanakumbuka. Zamani za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, utafiti ulikuwa wa nchi tatu. Pale Ngaramtoni, chini ya mlima, tulikuwa na taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya nchi za joto, TPRI, ikihudumia Afrika Mashariki yote. Muguga, karibu na Nairobi, kulikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu, lenye maktaba iliyotumiwa na wataalamu wa nchi zote tatu. Kila mmoja alitegemea daftari la mwenzake, na hakuna aliyeona haja ya kuwa na lake peke yake. Kwa nini ujenge ghala mbili katika boma moja?

Halafu ukaja mwaka 1977. Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwezi Februari. Namanga, ambako basi kutoka Arusha hufika asubuhi ileile, pakawa mbali kuliko Ulaya. Watu walizungumza sana juu ya ndege, reli na meli zilizogawanywa, maana hizo zinaonekana. Nani alizungumza juu ya kadi za maktaba? Mtaalamu wa Ngaramtoni alibaki na darubini yake na wadudu wake, lakini maktaba ya Muguga ikabaki upande wa pili. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983, marais wa nchi tatu walipokutana hapahapa Arusha kumaliza mambo ya mgawanyo wa mali. Miaka sita na zaidi. Kwa mtoto hiyo ni elimu ya msingi karibu yote.

Na mpaka ulipofunguliwa, mfuko ulikuwa umetoboka. Vita ya kumng'oa Amin ilikuwa imekula fedha, mafuta yamepanda, fedha za kigeni hazipatikani. Jarida la kisayansi hulipiwa kwa dola au pauni, na kila mwaka. Ukikosa kulipa mwaka mmoja, pengo hilo hubaki katika rafu milele. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, tukaanza kubana matumizi ya serikali kwa namna tuliyoifahamu wote. Maktaba za vyuo zikaanza kuishi kwa wafadhili. Mfadhili akija, majarida yanakuja. Mfadhili akienda, rafu inabaki na toleo la mwisho lenye vumbi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe hasa, na naomba tusikilizane vizuri.

Nimezungumza juu ya majarida ya nje yanayokuja kwetu. Lakini je, yale tunayoandika sisi wenyewe, daftari lake linatunzwa na nani? Sisi huku ni wenyeji, lakini kwa mtu wa Washington, gazeti la Arusha ni chapisho la kigeni. Naye alilitambua hilo mapema. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi yake Nairobi. Kazi yake ni kukusanya machapisho ya nchi za sehemu hizi: vitabu, magazeti, taarifa za serikali, hata vijarida vya makanisa na vyama vya ushirika ambavyo sisi wenyewe hufungia maandazi. Kuanzia mwaka 1968 ofisi hiyo ilichapa orodha ya machapisho iliyoyapata Afrika Mashariki, na mwaka 1991 ikaanza faharasa ya kila miezi mitatu ya makala zilizomo katika majarida ya Afrika Mashariki na Kusini.

Siwalaumu hata kidogo. Nawashukuru. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyetaka kujua ni nani aliandika nini katika jarida la Dar es Salaam aliweza kuipata habari hiyo katika orodha iliyotengenezwa Nairobi kwa fedha ya mlipa kodi wa Marekani. Lakini hebu tujiulize, ndugu zangu. Mtu ambaye daftari la duka lake linatunzwa na jirani, siku jirani akichoka atafanya nini?

Na majirani huchoka. Enzi za vita baridi, Maktaba hiyohiyo ya Bunge la Marekani ilikuwa ikitoa faharasa ya machapisho ya Ulaya Mashariki na nyingine ya machapisho ya Kirusi. Ungedhani hayo ndiyo mambo ambayo Marekani isingeyaacha kamwe, maana yalimhusu adui. Lakini ile ya Ulaya Mashariki ilisimama mwaka 1961, na ya Kirusi mwaka 1969, vita baridi ikiwa bado inaendelea. Serikali ya Marekani pia ilikuwa na huduma ya kusikiliza redio za kigeni na kutafsiri habari zake, ambayo ilianzishwa mwaka 1941. Redio Tanzania nayo ilisikilizwa. Matangazo ambayo sisi tuliyafuta ili kanda itumike tena, wao waliyaandika na kuyapanga kwa tarehe. Huduma hiyo ilikuwa wazi kwa wasomaji wa nje hadi mwisho wa mwaka 2013, ndipo ikafungwa kwa umma.

Na mwaka 2025 tumeona makubwa zaidi. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilivunjwa. Watu walizungumza, na ilikuwa haki yao kuzungumza, juu ya dawa na mishahara iliyokatika. Lakini shirika hilo lilikuwa pia na hazina ya ripoti zake za miaka mingi, zilizopangwa na kuorodheshwa, na mtu yeyote aliweza kuzisoma. Humo zilikuwamo habari za mkoa huu wa Arusha. Miaka ya 1970 Wamarekani walifadhili mradi mkubwa wa mifugo na malisho katika nchi ya Wamasai. Majosho yalijengwa, mabwawa yalichimbwa, mengine yakafanikiwa, mengine yakabaki makavu. Ripoti zilieleza kwa nini. Ni elimu tuliyoigharimia kwa ng'ombe wetu wenyewe. Mapema mwaka 2025 tovuti ya shirika ikazimwa, na hazina ile nayo ikawa haifikiki. Mwezi Juni mwaka huohuo, kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ikapendekeza bajeti ya Maktaba ya Bunge ipunguzwe kwa karibu asilimia 10.

Nasema tena, fedha ni zao na wana haki ya kuamua. Lakini watu walioketi wakajadili tarakimu hizo hawakumfikiria bwana mifugo wa Monduli anayetaka kujua kwa nini bwawa fulani lilikauka. Na kwa nini wamfikirie? Hawakumchagua yeye. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Najua pana majibu mawili ambayo msikilizaji ameshayaandaa, na yote mawili yanastahili heshima.

La kwanza ni hili: bwana, zahanati haina dawa, shule haina madawati, wewe unatuletea faharasa? Jibu langu ni kwamba dawa yenyewe imetoka katika faharasa. Mwaka 1879 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alianzisha orodha ya makala za tiba za dunia nzima, iitwayo Index Medicus. Mwaka 1899 ilikatika kwa kukosa fedha, na haikufufuka mpaka 1903. Madaktari walioiona ikifa ndio waliohangaika ifufuke, kwa sababu walijua kwamba daktari asiyejua wenzake wamejaribu nini huwajaribia wagonjwa wake. Leo mjukuu wa orodha ile yumo katika intaneti kwa jina la PubMed, na tangu mwaka 1997 haina malipo. Daktari wa Hospitali ya Mount Meru akikutana na ugonjwa asioujua, anaweza kuitafuta usiku huohuo kwa simu yake. Kwa hiyo faharasa na dawa si maadui wanaogombea shilingi moja. Na gharama zake hazilingani. Faharasa ni watu wachache wenye subira, meza, karatasi na siku hizi kompyuta.

Jibu la pili ni la vijana: mzee, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Unaandika neno, mashine inakuletea. Kijana wangu, mashine hukuletea kile tu ambacho mtu amekiingiza. Nenda ukaitafute hotuba ya chama cha ushirika cha kahawa cha Meru ya miaka ya 1960, au jarida la Kiswahili la shule lililochapwa Arusha kabla hujazaliwa. Mashine itakuletea hoteli za watalii na bei za kupanda mlima. Haisemi uongo. Inasema hicho ndicho ilichopewa. Na hiyo PubMed ninayoisifu ni ya bure kwako kwa sababu mlipa kodi wa Marekani anailipia. Mipango ya kutupatia majarida ya nje bila malipo au kwa bei ndogo, kama HINARI ya afya iliyoanza mwaka 2002 na AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003, ni mizuri sana, lakini ni fadhila. Fadhila ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuamka siku moja na mawazo mengine.

Basi tufanye nini? Sipendi mazungumzo yanayoishia kwenye kulalamika, kwa hiyo nitasema matatu.

Kwanza, serikali yetu. Sheria tunayo tangu mwaka 1963 ya kuwa na huduma za maktaba za taifa, na Mwalimu mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Sheria inawataka wachapaji wapeleke nakala za kila wanachochapa. Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo yenye jukumu la kutunza orodha ya machapisho ya taifa. Ninachoomba ni kwamba orodha hiyo ipewe fungu lake lenye jina lake katika bajeti, lisiunganishwe na chai, mafuta ya gari na matengenezo. Fungu lisilo na jina ndilo huliwa kwanza. Na orodha isiishie kwenye vitabu, ishuke mpaka kwenye makala za majarida na magazeti, maana mambo mengi ya nchi hii hayajawahi kuwa kitabu.

Pili, Jumuiya. Afrika Mashariki ilirudi, mkataba wake ulitiwa saini hapahapa Arusha mwaka 1999, na makao yake yako hapahapa. Tunasikia kila siku juu ya forodha ya pamoja na soko la pamoja. Kwa nini tusisikie juu ya faharasa ya pamoja? Muguga, Ngaramtoni, Tengeru ambako sasa tuna chuo kikuu cha sayansi chenye jina la Nelson Mandela, Makerere, wote waandike katika daftari moja. Ila safari hii tusirudie kosa la zamani. Kila nchi iwe na nakala kamili ya daftari zima, ili siku wakubwa wakigombana tena, mtafiti asigeuzwe mateka wa mpaka.

Tatu, sisi wenyewe. Msikilizaji wa Sanawari, wa Kijenge, wa Usa River, katika sanduku lako la chini ya kitanda kuna nini? Risiti za ushirika za baba, kalenda ya usharika, hotuba iliyochapwa siku ya kufungua shule, gazeti la siku ya Uhuru. Usiziuze kwa kilo. Zipeleke maktaba ya mkoa, na ukifika pale usiondoke mpaka umeona jina la kitu ulichopeleka limeandikwa katika daftari. Nasema hivyo kwa sababu kukabidhi ni nusu ya kazi. Nimeona maktaba ambamo zawadi za wananchi zimekaa ndani ya maboksi, yamefungwa kwa kamba, hakuna anayejua ndani mna nini. Boksi lisilo na orodha lina tofauti ndogo sana na jalala. Na walimu wa sekondari, mnao vijana wenye mwandiko mzuri na likizo ndefu. Wapeni kazi ya kuorodhesha habari zote za Meru na Arusha zilizomo katika magazeti ya mwaka mmoja tu. Wataijua nchi yao kuliko kwa kukariri.

Ndugu wasikilizaji, Wameru wa mwaka 1952 hawakuwa na fedha za kuchezea. Walikuwa wametoka kuchomewa nyumba. Lakini walichanga senti zao kumpeleka mtu mmoja ng'ambo kwenda kusema maneno, kwa sababu waliamini kwamba maneno yakisemwa mahali panapostahili yataandikwa, na yakiandikwa hayatapotea. Waliamini kwamba kutakuwa na daftari. Na kweli lilikuwapo, lakini lilikuwa la watu wengine, katika mji wa watu wengine, kwa gharama ya watu wengine. Limetutunzia amana yetu kwa miaka zaidi ya sabini, nasi hatujawahi hata kuuliza nani analipa.

Sasa wanaolipa wameanza kuhesabu shilingi zao. Wakifunga daftari lao hawatakuwa wametudhulumu. Kirilo alikuwa wetu. Daftari la maneno yake nalo lilipasa liwe letu.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa tutakutana tena wiki ijayo, wakati kama huu. Kwaherini.